Chuma cha Sultani Shaibu na Mchanga wa Vuai

Hapo zamani, enzi ambazo masultani walitoka kwa miguu kuwatazama raia wao, palikuwa na mji uliotawaliwa na Sultani Shaibu, mtu mrefu kama mnazi, aliyependa mazoezi kuliko chakula. Akaamuru ujengwe uwanja katikati ya mji, watu wapate kunyoosha viungo. Ikawa kila kilichojengwa kilipimwa kwa mwili wake mwenyewe. Alichokipenda zaidi ni chuma cha kuning'inia, kilicholazwa juu ya nguzo toka upande mmoja wa uwanja hata wa pili.

Siku ya kufunguliwa, askari walining'inia wakachezesha miguu. Watoto, vikongwe, waja wazito na wafupi walibaki kutazama juu hata shingo zikawauma.

Miongoni mwao alikuwamo Vuai, fukara asiye na mali ila maneno, aliyetembea kwa magongo kwa kuwa mguu wake mmoja ulipooza tangu utotoni. Akaangua kicheko, Sultani akamwita.

"Ewe Vuai, kinakuchekesha nini?"

"Mungu akuweke, bwana wangu. Mpiga mbiu alisema uwanja huu ni wa watu wote. Basi nilikuwa najipapasa, nijue kama nami ni mtu."

Watu wakaguna. Sultani akaona haya, na haya ikageuka hasira.

"Chuma changu hakishuki hata unywele! Akitakaye na akifikie. Nawe, kwa ulimi wako huo, ifikapo Ijumaa ukishike kwa mikono miwili, bila kubebwa na mtu, wala kupanda ngazi, wala kiti, wala gogo. Ukishindwa, hama mji. Ukiweza, uwanja ni wako, utengeneze utakavyo."

Vuai hakuwa na mji mwingine wala jamaa wa kumpokea. Lakini akainamisha kichwa.

"Nimesikia na kutii. Ila nikiwa na huzuni, bwana wangu, hupenda kuchezea mchanga. Je, nina ruhusa hapa uwanjani?"

Sultani akacheka. "Chezea hata ushibe!"

Basi Vuai akazunguka mtaa kwa mtaa, akamwambia kila asiyekifikia chuma, "Njoo tuchezee mchanga." Wakaja, watoto na vifuu vya nazi, wanawake na vikapu, vikongwe wakiubeba katika pindo za nguo zao. Askari wakawatazama wakicheka, kwani mchezo ulikuwa na ruhusa ya Sultani. Mchanga ukamwagwa, ukanyunyiziwa maji, ukashindiliwa, hata ikawa njia pana chini ya chuma, ikianza tambarare upande mmoja na kuinuka taratibu kuelekea wa pili.

Ijumaa Sultani akaja pamoja na mama yake, Mwanakheri, kikongwe wa kutembelea mkongojo. Vuai akajikokota juu ya mchanga pole pole, akaweka magongo chini, akakamata chuma kwa mikono miwili, akabembea.

"Umepanda!" Sultani akanguruma.

"Hasha, bwana wangu, mimi nimetembea tu. Ardhi ndiyo iliyopanda. Nawe ulikataza ngazi, kiti na gogo. Ardhi yako hukuikataza."

Mama yake akamtia Sultani mkongojo mkononi. "Nishikie, mwanangu." Akaenda, akakishika chuma, akaguna kwa raha. "Loo, mgongo huu! Tangu nikuzae wewe haujanyooka."

Mji mzima ukacheka, na Sultani amesimama na mkongojo kama mtumishi. Ili kuficha aibu akapanda naye hadi kileleni, akakamata chuma. Magoti yake yakagusa mchanga, akawa kama mbuzi anayelala.

"Vuai, umeniharibia! Sasa mimi nining'inie wapi?"

"Teremka huku, bwana wangu, upande tusiotia mchanga. Hata warefu nao ni watu. Tumewawekea nafasi yao."

Sultani akacheka hata kilemba kikamdondoka. Akatimiza ahadi, akamfanya Vuai msimamizi wa uwanja, na kila kilichokuwamo kikatengenezwa upya, cha chini na cha juu, chembamba na kipana.

Hekaya yangu imetua hapa: aliyechoka na akae, mwenye nguvu na aning'inie.