Pimbi Nyuma ya Nyati

Hadithi inabisha hodi!

(Ipite, mlango uko wazi!)

Imetoka mbali, ina vumbi!

(Tuipanguse, tukae nayo!)

Haya, kaeni. Wa mbele wapunguze vichwa, wa nyuma waongeze masikio.

Zamani, wanyama walipokuwa wakiendesha baiskeli na watu wakienda kwa miguu, palikuwa na Nyati. Nyati alikuwa na kifua kipana kama mlango wa ghala, na tumbo lenye haraka kuliko mwenyewe. Alikuwa mwenyekiti wa Chama cha Baiskeli. Aliyemchagua hajulikani.

Mwaka ule mvua ilikataa. Vijito vikawa mchanga, mchanga ukawa vumbi. Kikabaki kisima kimoja, chini ya majabali. Nyati akakizungushia ua wa magogo na miiba, akatundika kibao: KISIMA CHA CHAMA. Mwanachama achote. Asiye mwanachama aende mto wa mbali.

Basi juu ya majabali yale aliishi Pimbi na mkewe na watoto wao. Pimbi mnamjua, ukimtia ndani ya kapu la sokoni, kapu halijai. Alikuwa na baiskeli moja kuukuu, breki yake ni unyayo wake mwenyewe. Alfajiri alifunga madumu kwenye keria, akaenda mto wa mbali. Kriki-kriki kwenda, kriki-kriki kurudi. Watoto wakanywa, maji yakaisha. Kesho yake tena, kriki-kriki.

Siku moja mkewe akamwambia, "Baba watoto, huyu mdogo midomo imempasuka. Na mto nao ukikauka, tutakwenda wapi?"

"Nitajiunga na chama," akasema Pimbi.

"Chama cha Nyati?"

"Kwani kuna kingine?"

Lakini Pimbi hakukurupuka. Alikwenda kwanza kwa Kanga, maana Kanga alijiunga kiangazi kilichopita, akaondoka na baiskeli, akarudi kwa miguu.

"Dada Kanga, habari za hapa?"

"Njema, kaka. Za majabalini?"

"Kavu. Niambie, hiyo safari ya chama ikoje?"

Kanga akacheka kidogo, cheko la mtu asiyeona cha kuchekesha. "Unaendesha nao kutwa nzima mpaka Ziwa la Chumvi. Ukifika, wewe mwanachama. Ukiachwa njiani, baiskeli yako inakuwa mali ya chama."

"Na chama ni nani?"

"Chama ni Nyati. Kachungulie uwani kwake uone baiskeli zilivyolaliana kama kuni."

"Wewe uliachwaje?"

"Mgeni hubeba chakula cha wote. Mgeni hutangulia mbele. Mgeni hula mwisho. Kaka, ule upepo! Mimi mbele napigwa, Nyati nyuma anapiga mluzi. Tukipumzika, anakula yeye. Nikinyoosha mkono anasema, 'Twendeni!' Jua lilipofika utosini, miguu ikaniambia, dada, sisi basi. Nikaanguka, pu! Wakapita. Baadaye Nyati akarudi. Hakunifuata mimi, aliifuata baiskeli."

Pimbi akashukuru, akarudi nyumbani. Aliogopa, hilo tusimfichie. Baiskeli ile ikipotea, hata maji ya mto wa mbali yangepotea. Lakini asubuhi ya safari akaipaka cheni mafuta, akaondoka.

Kwenye njia panda akawakuta watatu. Nyati mwenyewe, na Punda Milia, aliyependa kunyamaza, na Mbuni, mwenye shingo ndefu na maneno mafupi.

"Karibu mgeni!" Nyati akanguruma. "Katika chama hiki hatumwachi mtu. Anayebaki nyuma amejiacha mwenyewe."

"Sheria ni sheria," akasema Punda Milia.

"Sheria ni sheria," akasema Mbuni.

Nyati akaleta kapu la chakula. Ndani mna mihogo ya kuchemsha, mna viazi vitamu, mna ndizi mbivu, mna karanga, mna kibuyu cha maji ya wote. Lilikuwa kubwa kumshinda Pimbi. Wakalifunga kwenye keria yake, tairi likalia, fyuuu, likabonyea nusu.

"Kuna jambo moja la kujua," Mbuni akamwambia. "Aliye mbele akiona shimo, husema 'Shimo!' Wa nyuma wanapokea. Basi."

"Nami nitakuwa wapi?"

"Mbele!" akasema Nyati. "Mgeni ni wa kuheshimiwa."

Wakaendesha, wakaendesha, wakaendesha. Kriki-kriki, kriki-kriki.

"Shimo!" akasema Pimbi.

"Shimo!" wakapokea nyuma.

Na upepo ukaja. Ulikuwa upepo wa mbisho, ule unaokupiga usoni kama mtu mliyegombana. Vuuu! Pimbi akainama mpaka kidevu kikagusa usukani. Vuuu! Mapaja yakamwaka moto. Nyuma yake akasikia mluzi wa Nyati, fwi-fwi-fwii, mluzi wa mtu aliyeketi kibarazani. Pimbi akajua kwamba jua halitafika utosini kabla yeye hajaanguka.

Mbele kulikuwa na tumbili wamejipanga juu ya kichuguu, wanashangilia.

"Eee! Huyo mbele ni nani? Mwenyekiti mpya?"

Pimbi akainua kichwa. Akasema kwa sauti, kwa adabu kabisa, "Hapana, jamani! Mimi mgeni tu. Mwenyekiti yupo. Yuko huko nyuma, nyuma kabisa."

"Nyuma kabisa? Masikini, amezeeka?"

"Msiseme hivyo, ndugu zangu. Mzima kabisa. Anajikinga upepo tu."

Tumbili wakacheka, wakashika mbavu. "Nyati anajikinga upepo! Nyuma ya Pimbi!"

Ngrin-ngrin-ngrin! Nyati akapita kama jabali linaloporomoka. "Ondoka mbele!" akafoka. "Mwenyekiti ndiye hutangulia! Nani kasema mgeni atangulie?"

"Samahani, mwenyekiti," akasema Pimbi. Akajisogeza nyuma ya Nyati, gurudumu lake karibu kabisa na gurudumu lile kubwa.

Ghafla upepo ukakoma. Miti pembeni ilikuwa bado inapinda, lakini pale nyuma ya mgongo wa Nyati palikuwa shwari kama ndani ya pango. Pimbi akavuta pumzi ya kwanza tangu asubuhi. Akaanza kuimba:

"Nyati mbele, upepo pembeni!
Nyati mbele, upepo pembeni!"

Nyati alipenda wimbo ule. Kila ulipoimbwa, alikanyaga zaidi. Punda Milia na Mbuni wakaupokea, nao walikuwa nyuma, hawakuona hasara.

Lakini Nyati hakuwa mjinga siku nzima. Baada ya mwendo akageuza shingo, akamwona Pimbi hatoki jasho. Akanuna. Mbele yake akaona shimo, pana, lenye kingo kali. Akalikwepa. Akanyamaza.

Puuu! Pimbi huku, baiskeli kule, kapu juu yake. Goti likachubuka, damu ikachirizika. Nyati akakanyaga, hakutazama nyuma. Punda Milia akapita, akatazama mbele. Mbuni akasimama. Akainua mguu mmoja, akaanza kujikuna. Akajikuna, akajikuna, mpaka Pimbi alipopanda tena baiskeli yake. Ndipo akaondoka.

Sasa Pimbi alikuwa peke yake na upepo. Vuuu! Kila akikanyaga, goti linalia. Mbuni akawa nukta, nukta ikapotea. Akamkumbuka mtoto wake mwenye midomo iliyopasuka, akakanyaga. Akaziona akilini zile baiskeli zilizolaliana kama kuni, akakanyaga. Machozi yalimtoka, yakakaukia hapo hapo mashavuni.

Kumbe kule mbele, chini ya mgunga, Nyati alikuwa amesimama anamngoja. Hakumngoja Pimbi. Alilingoja kapu.

"Umechelewa!" akafoka. "Leta chakula!"

Akala viazi, nyam-nyam-nyam. Akala mihogo, nyam-nyam-nyam. Pimbi akanyoosha mkono.

"Twendeni!" akasema Nyati.

Pimbi akarudisha mkono, akalifunga kapu. Lakini alilifunga polepole, na lilipofungwa, mashavu yake yote mawili yalikuwa yamejaa karanga.

Wakaendesha, wakaendesha, wakaendesha. Nyati mbele. Pimbi nyuma yake. Kriki-kriki, kriki-kriki. Na katikati ya kriki-kriki, Nyati akasikia kitu kingine. Kru. Kru. Kru.

"Pimbi! Unakula?"

"Hapana, mwenyekiti. Naonja."

"Unaonja nini?"

"Chakula chako. Naona jua limekipata. Viazi vimeanza kulegea. Nimeona bora nionje mimi, usije ukadhurika wewe. Hadi ziwani vitakuwa vimechacha vyote."

Kru. Kru.

"Acha kuonja! Leta hapa!"

"Lakini mgeni ndiye hubeba..."

"Leta, nimesema!"

Wakasimama. Kapu likahamia keria ya Nyati. Baiskeli ya Pimbi ikainuka kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Nyati akaondoka, mkono mmoja kwenye usukani, mkono wa pili ndani ya kapu. Maana chakula kitachacha, nacho ni chakula chake, na yeye si mtu wa kupoteza mali. Akala viazi, nyam-nyam-nyam. Akala mihogo, nyam-nyam-nyam. Akala ndizi na maganda yake. Akafuta karanga zote. Zikamkaba kooni, akashika kibuyu cha maji ya wote, gob-gob-gob, akakimaliza.

"Mwenyekiti, chakula kimebaki?" akauliza Pimbi.

"Kimeokolewa," akasema Nyati, akacheua.

Basi ukaja mlima. Nyuma ya mlima ule ndiko liliko Ziwa la Chumvi. Njia ilisimama wima kama ngazi ya dari, na upepo ulikuwa unateremka juu yake. Pimbi akaimba, taratibu:

"Nyati mbele, upepo pembeni!
Nyati mbele, upepo pembeni!"

Nyati akakanyaga. Tumbo likasema, nguru-nguru. Akakanyaga. Tumbo likasema, nguru-nguru-ngurum. Pedali ikapanda nusu, ikashuka, ikapanda robo, ikakataa. Baiskeli ikayumba kushoto, ikayumba kulia. Puuu! Nyati chini, miguu juu, mashavu yamefura.

"Nishikeni mkono," akasema. "Mbavu zinanichoma. Nisukumeni kidogo tu, jamani. Ni karibu."

Wote watatu wakasimama. Upepo ukavuma. Punda Milia akamtazama Mbuni. Mbuni akamtazama Punda Milia. Walikuwa wamemfuata Nyati miaka mingi, wakala makombo yake, wakakaa kimya. Haikuwa rahisi kujua wanafikiri nini.

"Sheria ni sheria," akasema Punda Milia.

"Sheria ni sheria," akasema Mbuni.

Wakaondoka. Pimbi ndiye aliyebaki mwisho. Alimtazama Nyati pale chini, akaona ni mkubwa kweli, tena amechoka kweli.

"Pole, mwenyekiti," akasema. "Ukipata nafuu, njia ya kurudi inateremka."

Ngrin! Akapita.

Sehemu iliyobaki hapakuwa na mgongo wa kujificha. Pimbi aliipanda kwa miguu yake, upepo usoni, goti linachuruzika. Kileleni akaliona ziwa, jeupe, tambarare, halina mwisho. Akateremka bila breki, unyayo ukatoa moshi. Alipofika ukingoni akawakuta Punda Milia na Mbuni, akakaa chini kando yao.

Baadaye Mbuni akasema, "Sasa tunahitaji mwenyekiti. Mimi sitaki."

"Sitaki," akasema Punda Milia.

"Basi tukae bila," akasema Pimbi. "Na kisima cha chama je?"

"Chama ni waliofika," akasema Mbuni. "Wewe umefika. Unasemaje?"

"Nasema kile kibao kinafaa kuwa kuni."

Wakatafakari. Hawakuona kosa.

Walirudi wakateremsha miiba, wakang'oa magogo. Kutoka uwani kwa Nyati wakatoa baiskeli moja moja, wenyewe wakaja wakazitambua. Kanga aliikuta yake ina kutu mpaka kwenye kengele, akaipanda hivyo hivyo. Na baiskeli ya Nyati wakamwachia pale pale mlimani, maana hakuna aliyefikia pedali zake.

Nyati mwenyewe alikuja baadaye, kwa miguu, anaisukuma, ulimi umekauka kama gome. Akafika kisimani. Ua haupo. Mke wa Pimbi yuko pale na kata mkononi, anachotea watoto, wake na wa Kanga, na wa kila mtu.

Nyati akasimama. Angeweza kuwakanyaga wote, kifua kilikuwa bado kile kile.

"Karibu, jirani," akasema mke wa Pimbi. "Maji yapo. Panga foleni."

Nyati akatazama foleni. Akatazama maji. Akasimama nyuma ya vifaranga.

Na hapo hadithi imeegesha. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chachu, niachieni nimalize mwenyewe.

(Tumegawana! Na funzo je?)

Funzo ni hili, lishikeni. Ukijiunga na chama, mtii mwenyekiti. Mpe nafasi ya mbele. Mpe chakula chote. Mwimbie. Usimpinge kwa neno lolote. Pimbi alifanya hivyo hivyo, na mnaona alivyofanikiwa.