Bastola Nyepesi

Wapendwa, sogeeni mbele kidogo, huku viti vipo, halafu mnisikilize vizuri.

Palikuwa na mnunuzi mmoja wa ng'ombe, mtu mkubwa wa mwili na mcheshi, anayezunguka minada na fedha mfukoni. Njia zake zilikuwa za porini, na mwenzake mmoja alikuwa ameshavamiwa huko akarudi nyumbani na viatu tu. Basi akaona hapana, nami niombe kibali cha bastola. Lakini alikuwa mtu wa kuulizauliza. Hanunui hata mbuzi bila kumfungua mdomo. Kwa hiyo siku ya mnada akawakuta wenzake watatu kwenye banda la nyama choma, wote wenye vibali vyao, na wote walikuwa wamenunua aina moja, ile fupi ambayo mwili wake ni wa plastiki ngumu badala ya chuma kitupu.

"Haya, niambieni ukweli," akasema. "Ni nzuri au mmeshanunua tu mnaona aibu kuisema vibaya?"

Wa kwanza, mwenye mabasi, akafuta mafuta mdomoni. "Sikiliza. Mimi nilikuwa na ile ya zamani, chuma chote. Nikiivaa suruali inashuka, natembea huku naipandisha kama mtoto wa shule. Na jasho likiipata, kutu. Hii haina habari ya kutu."

Wa pili akawa na lawama yake. "Mpini wake mfupi. Kidole changu cha mwisho kinakosa pa kushika, kinaning'inia nje kama mgeni aliyekosa kiti. Na kwa sababu haina uzito, ukipiga inakurukia mkononi. Mimi siku ya mazoezi ilinikosesha shabaha, nikawaambia watu ni upepo."

"Upepo uliokupeleka kwenye ukuta," wakamcheka.

Wa tatu ndiye aliyemaliza maneno. Akasema, "Bwana mkubwa, uzuri wa kitu hiki ni mmoja. Utasahau kama umekivaa. Mimi juzi nimefika bafuni, nimeshika sabuni, ndipo naikumbuka."

Mnunuzi wetu akapenda sana neno hilo. Akafuata taratibu za serikali, akapata kibali, akanunua. Na kweli, siku za mwanzo ilimsumbua kiunoni, akawa anakaa upande upande kama kuku mwenye yai, mkewe anamcheka. Baadaye akazoea. Watu wakimwuliza, anajibu kama yule wa bafuni: "Mimi siisikii hata kidogo."

Sasa, mtu huyu alikuwa na mdogo wake, fundi cherehani. Baba mmoja, mama mmoja. Na tangu matanga ya mama yao, hawa wawili hawakusalimiana. Wakikutana sokoni mmoja anageukia nyanya, mwingine anageukia vitunguu. Mnunuzi wa ng'ombe akiulizwa kulikoni, anafungua mikono. "Mimi sina neno na mdogo wangu. Moyo wangu mweupe. Yeye ndiye amenuna, na sijui amenunia nini." Na alikuwa hasemi uongo. Hakuwa anajua.

Alikuwepo shangazi yao, wa mwisho aliyebaki upande wa baba. Bibi huyo akaumwa, akapona, na alipopona akawaita wote wawili. "Nataka niwaone mkila sahani moja," akasema. "Nikisubiri mpatane wenyewe, mtapatania kwenye jeneza langu. Njooni Jumapili baada ya ibada. Mtakumbatiana mbele yangu, mtanawa, mtakula. Asiyekuja asinizike."

Nani angekataa neno kama hilo? Wakaja.

Kaka mtu alikuja amevaa shati jipya, uso umemkunjuka, njia nzima anaimba. Moyoni anasema, leo namsamehe huyu kijana. Kila kitu alichonunia, namsamehe. Akaingia. Mdogo wake alikuwa amesimama karibu na dirisha, mikono nyuma, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Shangazi ameshika mwiko.

"Haya," shangazi akasema. "Ugali hausubiri."

Mdogo mtu akasogea. Kaka akafungua mikono yake mikubwa. Wakakumbatiana, na shangazi akaanza kufuta macho kwa ncha ya kanga.

Lakini mnakumbuka yule mdogo ni fundi cherehani? Mikono yake imezoea viuno vya watu. Ilishuka yenyewe mgongoni mwa kaka yake, ikafika kwenye mkanda, ikasimama. Akarudi nyuma hatua moja, uso umebadilika.

"Shangazi," akasema polepole, "huyu ndugu yangu umemwita kupatana nami, au kunimaliza?"

Kaka akashika kiuno. Wapendwa, jasho lilimtoka pale pale. "Mdogo wangu, nilisahau. Mungu ni shahidi, nilisahau kama ninayo. Ni nyepesi, hii, ni plastiki, muulize mtu yeyote..."

"Plastiki," shangazi akasema. "Kwa hiyo ikimpata mtu anakufa nusu?"

"Naiweka kabatini, shangazi, mara moja tu."

"Kabati lile lina vikombe vya mama yenu. Haikai humo."

Kaka akasema basi ataiacha ndani ya gari. Akakumbuka afande aliyempa kibali alivyomkanya: silaha haiachwi garini, haiachwi kwa mtu, haiachwi mezani. Akatazama huku, akatazama kule. Mnaona mambo haya? Kitu ambacho tangu asubuhi hakukisikia, sasa nyumba nzima hakina pa kukaa.

"Naipeleka kituo cha polisi waniwekee, halafu narudi," akasema kwa sauti ndogo.

Mdogo wake alikuwa na kila sababu ya kuchukua kofia yake na kwenda zake, na hakuna ambaye angemlaumu. Akamtazama shangazi, mwiko bado mkononi. Halafu akasema, "Twende wote. Nikikuacha uende peke yako, utaona aibu, utapitiliza mpaka kwako."

Wakapanda gari. Walipopita kanisani, kaka akaanza. "Hebu niambie leo. Mimi nilikukosea nini?"

"Hukumbuki?"

"Sikumbuki kitu."

"Siku ya matanga. Watu wote wamekaa. Mimi nimeingia jikoni kutafuta maji ya kunywa. Ukasema kwa sauti, wageni wote wanasikia: huyu amekuja kumzika mama au amekuja kuhesabu masufuria?"

Kaka akacheka kidogo, kwa mazoea. "Lakini lile lilikuwa neno la utani tu. Mbona mimi nilishalisahau?"

Mdogo wake akaangalia nje ya dirisha. "Ndiyo," akasema. "Na hiyo uliyonayo kiunoni uliisahau."

Yule mtu mkubwa akaegesha gari pembeni, akazima injini. Miaka yote ile alikuwa anajiuliza mdogo wake amenunia nini, kumbe jibu alikuwa anatembea nalo yeye mwenyewe. Akaweka kichwa kwenye usukani. Alipokiinua alikuwa hana tena maneno ya kusamehe mtu. Akasema, "Mdogo wangu, nisamehe mimi." Na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuliomba.

Kituoni, afande wa kaunta akaipokea ile bastola, akaigeuzageuza. "Hii si ndiyo ile nyepesi? Wenye nayo wanaisifu sana."

"Nyepesi mno," kaka akajibu. "Lakini usiniulize mimi. Muulize huyu."

"Mimi si mwenyewe, afande," fundi akasema. "Mimi imeniangukia mkononi tu." Wakatoka wanacheka, afande hajui wanacheka nini.

Walipofika, ugali ulikuwa umepoa, umefunikwa na kawa. Fundi akamwambia kaka yake, "Inua mikono," akampapasa kama anampima koti. "Hii nini?"

"Funguo."

"Na hii?"

"Hicho ni kitambi, mdogo wangu. Hicho hata kituoni hawakipokei."

"Mnakumbatiana au mnashona nguo?" shangazi akauliza. Wakakumbatiana. Wakala ule ugali wa baridi, sahani moja, mpaka shangazi akauliza kama na sahani wataitafuna.

Sasa turudi kwetu sisi tuliokaa humu. Si ndio sisi? Tukiulizwa habari za mioyo yetu, tunaisifu kama wale wa banda la nyama: haina kutu, hainisumbui, mimi sina neno na mtu. Tena tunasema kweli kabisa. Neno tulilomrushia shemeji mbele ya wageni, jina tulilomwita mtoto akiwa mdogo, ile siku tulipomcheka jirani aliyefiwa, vyote tumevivaa na hatuvisikii. Ni vyepesi kwetu. Sasa mbona anayetukaribia anarudi nyuma? Na tunapopeana amani humu kanisani, mbona tunapeana ncha za vidole?

Mwenye kubeba alishazoea, mama zangu. Ukimuuliza yeye, utaambiwa ni plastiki.

Kwa hiyo leo mkitoka msije mlangoni kuniambia mna amani, sitawauliza. Nenda kwa yule anayegeukia nyanya ukipita. Mkumbatie, umkumbatie hasa, kifua kwa kifua. Halafu usiseme kitu. Mwache akuambie mkono wake umegusa nini.