Laki Tatu Chini ya Pasi

Laki tatu zilikuwa mezani, zimekandamizwa kwa pasi ya mkaa, na mafundi watatu wamezizunguka.

"Theluthi siitaki," alisema Mhando, mwashi. "Theluthi hupewa aliyesaidia. Mimi sikusaidia, nimefanya."

"Basi kaa bila," alisema Kidawa, fundi bomba. "Hata mimi nazitaka zote. Kwani nani kakwambia ni zako?"

Ngoda, fundi wa vigae, naye alitikisa kichwa kuikataa theluthi. Alisogeza kiti chake karibu na meza.

Mwenye fedha, Mwantumu, fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, alisimama mlangoni amekasirika. Hakuwakasirikia wao. Aliukasirikia ulimi wake, maana ndio uliozileta fedha zile mezani. Mwanamke huyu alijifunza kushona kwa kufumua nguo kuukuu na kuzirudishia. Hakufundishwa na mtu, na alijisifia jambo moja tu: nikisema, nimesema.

Mambo yalianza hivi. Mama yake, Bi Chausiku, alianguka akavunjika nyonga. Choo cha nyumbani kilikuwa cha kuchuchumaa, naye kuchuchumaa hawezi tena, ikawa kila haja ni kubebwa, kushikwa na kunawishwa. Bi Chausiku hakulalamika. Aliacha kunywa maji. Glasi aliyowekewa asubuhi ilikutwa jioni imejaa vilevile, midomo imempasuka, na daktari akaonya kwamba figo hazitavumilia.

Mwantumu akaita mafundi wajenge bafu na choo upya. Wakaja watatu, kila mmoja anataka kazi yote, kila mmoja anawaponda wenziwe. Mhando alisifika kwa mkono: akigonga ukuta mara moja anakwambia ulipo ubovu. Kidawa alisifika kwa sikio: akililaza ukutani anasikia bomba linapovuja ndani. Ngoda alisifika kwa unyayo: akipita sakafuni peku anajua kigae kilichoinuka, hata kama jicho halikioni.

Mwantumu akachoka kuwasikiliza. "Nawachukua nyote," alisema, mama yake akisikia kitandani. "Kila mtu na ujira wake. Na atakayemfanya mama aingie bafuni, afunge mlango, aoge atoke bila kushikwa na mtu, huyo ana laki tatu juu ya ujira wake. Huyo mmoja."

Kisha akawachorea ramani kwenye karatasi ya kukatia nguo. Hapo fundi cherehani alifanya kosa ambalo angemfukuzia mwanafunzi wake: alikata bila kumpima mvaaji. Vipimo vilikuwa vya mwili wake mwenyewe, na choo alikiweka pale bomba la maji machafu lilipo karibu, basi.

Mhando aliifuata ramani. Akamwaga sakafu, akaacha tundu la choo cha kukaa pale palipochorwa. Adhuhuri alipotandika mkeka uani aswali, akaona uso wake umeelekea kulekule atakakoelekea mkaaji. Na Bi Chausiku, tangu azaliwe, hajapata kwenda haja akikabili kibla. Mhando hakumwuliza mtu. Alishika nyundo akaivunja sakafu yake mwenyewe, saruji bado mbichi, akakigeuza choo ubavu. Mwantumu alipokuta kifusi alimwambia saruji ya pili itatoka mfukoni mwake. Ikatoka mfukoni mwake.

Ramani ilimwambia Kidawa aweke bomba la kunawia kushoto, usawa wa kifua. Yeye aliingia chumbani, akamwomba radhi Bi Chausiku, akamketisha kitini na kumwambia anyooshe mkono.

"Upi, mwanangu?"

"Ule unaochotea maji, bibi."

Ulikuwa wa kulia, na haukufika mbali. Kidawa akaupima kwa kamba. Pale ulipoishia ndipo alipofunga bomba, na kando yake chuma cha kushikia wakati wa kuinuka. Mwantumu akamcheka, akamwuliza kama hapa ni chekechea. Kidawa akamjibu kwamba dada, mkono wa kushoto una kazi yake, na kuchota maji si kazi yake.

Ngoda alikabidhiwa vigae vyeupe vinavyong'aa kama sahani. Mwantumu alivichagua mwenyewe akavipenda. Ngoda aliweka kimoja chini, akakimwagia maji ya sabuni, akavua viatu, akakikanyaga. Mguu ukamponyoka. Akasema vigae hivi habandiki. Mwantumu akamwambia aende, kazi hana. Akaenda, na vigae akaenda navyo. Akavisukuma kwa toroli hadi dukani, akagombana na mwenye duka mpaka akabadilishiwa vya kijivu vinavyokwaruza, vibaya kwa macho, akarudi akavibandika ilhali amekwisha fukuzwa.

Siku ya siku Bi Chausiku akaingia kwa gongo lake. Komeo likalia. Mwantumu akasimama nje, bega amelielekeza mlangoni, tayari kuuvunja. Maji yakasikika. Yakanyamaza. Mwantumu akataka kuita, akajizuia. Kisha komeo likalia tena, Bi Chausiku akatoka, kanga imemlowa mabegani. Hakumtazama mtu. Aliketi akasema, "Nipeni maji ya kunywa." Akaimaliza glasi. Akaomba nyingine.

Ndipo zile laki tatu zikawekwa mezani, na ndipo tulipoanzia.

"Bila mimi asingekikalia," alisema Mhando.

"Angekikalia, halafu? Angeita mtu amnawishe," alisema Kidawa.

Ngoda akadakia. "Na huyo wa kumnawisha angemkuta chini."

Wakampelekea Bi Chausiku shauri lao. Akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Mkimtoa yeyote kati ya hawa, nirudishieni ile glasi yangu ibaki imejaa."

Mwantumu akaiinua pasi, akairudisha. Mhando amevunja kazi yake kwa hasara yake. Kidawa peke yake ndiye aliyemwuliza mwenye mwili. Ngoda amefanya kazi ya mtu aliyemfukuza. Lakini ahadi ilisema mmoja, na akizigawa, watatu hao watatoka pale wakijua kwamba neno lake hukatwa vipande kama kitambaa.

Sasa ninyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi. Mkono wa Mwantumu uko juu ya pasi, anangoja. Ingekuwa pasi imo mkononi mwako, ungemwinulia nani? Msiniambie habari za kugawana, wenyewe wamekataa. Hadithi nimewapa nzima, sikubakiza kitu. Mnadaiwa jina moja. Litajeni.