Hodi ya Nguchiro

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa jiwe!

Jiwe la nani?

La pimbi wa mlangoni!

Hapo zamani za kale, taifa la pimbi liliishi ndani ya mlima. Mlango ulikuwa mmoja, umezibwa kwa jiwe, na jiwe halikufunguka ila kwa ndani. Majirani zao nguchiro walikaa bondeni, na baina yao hapakuwa na ugomvi hata wa maneno.

Mlinzi wa mlango aliitwa Sikujua. Msicheke, ndilo jina alilopewa na mama yake. Mwanzoni dada yake, Mashavu, alimletea majani mabichi wakala pamoja. Kisha Mashavu akapata mume, akaacha kuja. Pimbi wengine walipita bila hata salamu. Sikujua akawa anazungumza na jiwe. Upweke ulimuuma, jamani, ulimuuma kweli.

Siku moja sauti ikaita nje, "Hodi!"

"Nani?"

"Jirani yako, nguchiro. Sina haja ya kuingia. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama," akasema Sikujua, machozi yakamtoka.

Siku ya pili: "Hodi! Umekula?"

"Sijala."

Nguchiro akapenyeza tunda chini ya jiwe. Wakazungumza mpaka jua likageuka.

Siku ya tatu: "Hodi, rafiki yangu! Leo tule uso kwa uso. Nifungulie."

Amri ya mfalme ilikuwa mgeni asifunguliwe kabla wazee hawajaitwa. Lakini Sikujua aliogopa wazee watamfukuza rafiki yake. Akasukuma jiwe.

"Karibu," akasema.

Wakaingia nguchiro, jeshi zima, wakamruka bila kumtazama. Pimbi walikuwa usingizini, usingizi wa mchana, wakang'atwa humohumo mashimoni. Shimo la kwanza lilikuwa la Mashavu. Hakutoka.

Kabla ya jioni ngoma ya vita ililia. Taifa lisilojua vita likapigana masika na kiangazi, hata nguchiro wakarudishwa bondeni. Mashimo mengi yalibaki matupu.

Mfalme akauliza, "Nani aliwafungulia?"

"Sikujua."

Hakuna aliyeelewa kama anataja jina lake au anajitetea.

"Mbona hukuwaita wazee?"

"Bwana wangu, yule adui aliniuliza kama nimekula. Nyinyi hamkuniuliza."

Mfalme akainamisha kichwa. Hata hivyo walimtoa mlinzi nje, wakarudishia jiwe.

Sikujua akasimama peke yake, akaita, "Hodi! Hodi! Hodi!" Wote walimsikia. Hakuna aliyesema karibu.

Basi wanangu, funzo ni hili: si kila anayekujulia hali anakutakia heri. Na nyinyi mlio ndani, mliyemweka mlangoni mpelekeeni chakula, mketi naye. Mkimsahau, atamfungulia yeyote atakayemsalimu.

Ngano yangu nairudishia mlango hapa. Mkitoka, muageni mlinzi.