Bi Pimbi, Fisi Mkaguzi na Breki za Kachumbari

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama ndio waliokuwa na magari, na binadamu walikuwa bado wanabebana mgongoni. Msiniulize petroli waliitoa wapi. Nikikatizwa na maswali napoteza njia, na hadithi hii ina mteremko mkali.

Siku moja Ngiri alikuwa akishuka mlima na gari lake. Breki hamna, honi hamna, na yeye mwenyewe anaimba kwa sauti. Vuuuu! Akapita na ua wa Mfalme Simba, akapita na kamba ya nguo, akaingia jikoni, na gari likasimama ndani ya sufuria ya ugali wa Mfalme. Tumbukwi! Ugali ukaruka ukamganda Mfalme kwenye sharubu. Walichukua siku nne kuubandua.

Mfalme akatoa amri huku sharubu zikimuuma.

"Kila gari lililotimiza miaka mitatu likaguliwe, mara moja kila mwaka! Breki, taa, honi, usukani! Likifaulu libandikwe stika kiooni. Lisilo na stika lisitembee! Na kila mtu aende kituo kilicho karibu na kwake, nisisikie mtu kapeleka gari kwa shemeji yake. Na gari lolote likigusa tena sufuria yangu, wote waliomo ndani yake watapikwa na maharage!"

Amri nzuri kabisa. Mimi ningeipigia makofi. Shida haikuwa amri, shida ilikuwa wakaguzi.

Sasa, kwenye kijiji cha Mawe Saba aliishi Bi Pimbi. Alikuwa mdogo, angeweza kulala ndani ya kiatu na bado akabakiza nafasi ya mgeni. Gari lake liliitwa Kachumbari, kwa sababu mlango mmoja ulikuwa mwekundu, wa pili kijani, na boneti nyeupe. Kila Jumamosi Bi Pimbi aliingia uvunguni na spana, kaza hapa, legeza pale, mpaka gari likawa zima kuliko mengi mapya.

Na kila asubuhi Kachumbari lilibeba watoto kumi na saba kwenda shule, kuvuka nyasi ndefu za Fisi. Kabla ya Kachumbari, watoto walikuwa wakitembea. Mtoto wa Kima alirudi siku moja na mkia nusu. Fisi alipoulizwa nusu nyingine iko wapi, alisema, "Labda hakuzaliwa nayo."

Mnaelewa basi kwa nini Bi Pimbi alilipenda lile gari.

Kachumbari lilipotimiza miaka mitatu, Bi Pimbi alikwenda kwa jirani yake Kobe.

"Jirani, hodi! Kituo cha ukaguzi cha karibu kiko wapi?"

"Shika njia ya kisimani," alisema Kobe. "Ukifika kwenye mti ulioanguka, kata kushoto. Utaona kibao. Kimeandikwa KITUO CHA UKAGUZI WA MAGARI, halafu chini yake, MIFUPA ISITUPWE, ILETWE NDANI."

"Na mkaguzi ni nani?"

Kobe aliingiza kichwa ndani ya gamba. Sauti ikatokea humo humo.

"Fisi."

"Ala! Hakuna kituo kingine?"

"Kipo cha Tembo, mwendo wa siku mbili. Lakini amri imesema cha karibu. Nenda tu, jirani. Mimi sipo."

Bi Pimbi akaenda.

Alimkuta Fisi kwenye kiti, kofia ya kazi kichwani, fomu mapajani. Kando yake alisimama Mzee Kifaru, mshika muhuri. Muhuri wa kituo ulikuwa umefungwa kwa kamba kwenye pembe yake ili usiibwe. Ukitakiwa kupigwa, Mzee Kifaru aliinamisha kichwa: pwaa! Meza tatu zilikuwa zimeshavunjika mwaka ule. Hakuona vizuri na hakujua kusoma, lakini hakuwa na roho mbaya.

"Shikamoo, Bwana Mkaguzi."

"Marahaba. Gari lina umri gani?"

"Limetimiza miaka mitatu jana."

Fisi akalizunguka Kachumbari. Hakutazama matairi wala injini. Alitia pua dirishani akanusa viti. Fnn, fnn!

"Mmm! Hapa wanakaa watoto?"

"Kumi na saba."

"Wanene?"

"Wanasoma," alijibu Bi Pimbi.

Fisi akafuta udenda kwa fomu, akaanza kuandika.

"Breki, hakuna."

"Bwana Mkaguzi! Hujazigusa!"

"Zimekaa kimya. Breki nzima ingenisalimia. Honi, hakuna. Sijaisikia."

"Hujaibonyeza!"

"Taa, hakuna. Sioni mwanga."

"Ni saa sita mchana na hazijawashwa!"

"Usukani..." Fisi aliutazama kwa jicho moja. "Usukani wako ni wa mviringo."

"Ulitaka wa pembe nne?"

"Una jeuri. Usukani, hakuna. Mzee Kifaru, limefeli!"

Pwaa! Vumbi likaruka, Fisi akamkabidhi fomu.

"Nenda ukatengeneze, urudi baada ya siku kumi," alisema Fisi. "Mpaka hapo watoto watembee. Njia ya nyasi ni nzuri kwa miguu. Ina kivuli."

Bi Pimbi alitoka, akakaa juu ya boneti, akalia. Si machozi ya hila yale, wanangu, alilia kweli. Aliwaona watoto kumi na saba wakiingia kwenye zile nyasi mmoja mmoja, na yule wa Kima mbele, ameshika mkia wake uliobaki. Akalia mpaka hasira ikamkausha macho. Kisha akaitazama ile fomu, akaisoma tena kuanzia juu, na taratibu akaanza kutabasamu.

Akarudi ndani, akamrudishia Fisi fomu, akasema na Mzee Kifaru kwa sauti ya kusikika.

"Basi, babu yangu, ile mifupa itaoza tu."

Masikio ya Fisi yakasimama. Tii!

"Mifupa gani?"

"Aa, si kitu, Bwana Mkaguzi. Ya uani kwa Mfalme, kule chini ya mlima. Jana alikuwa na wageni. Mpishi aliniomba nikaizoe, rundo limefika dirishani. Lakini gari langu limefeli, na lisilo na stika halitembei."

Fisi akameza mate. Gluk!

"Ngoja. Ngoja kwanza! Ipo ruhusa. Gari lisilo na stika linaweza kutembea kwa majaribio, mkaguzi akiwemo ndani!"

"Lakini halina breki. Umeandika mwenyewe."

"Hiyo ni ya kwenye karatasi! Twende!"

"Na muhuri?"

"Mkaguzi haendi popote bila muhuri. Mzee Kifaru, panda!"

Lo! Mzee Kifaru alipopanda nyuma, Kachumbari liliinua pua juu likatazama mawingu. Nusu ya Mzee Kifaru iliingia, nusu ikabaki nje ikipunga upepo. Fisi akakaa mbele, fomu na kalamu mkononi. Alipoambiwa afunge mkanda alicheka mpaka akakohoa, akasema mikanda ni ya watoto. Bi Pimbi akapanda juu ya mito yake mitatu, akawasha. Gru, gru, gruuu!

Wewe uliyelala huko nyuma, amka. Mteremko ndio huu.

Kachumbari likapita kilele, uzito wa Mzee Kifaru ukalisukuma, na mwendo ukaanza. Vuu! Vuuu! Mbele kukatokea kundi la kanga wakivuka barabara, mama yao akiwahesabu.

"Kanga hao!" alipiga kelele Fisi. "Piga honi!"

"Honi gani, Bwana Mkaguzi? Fomu inasema hakuna."

"Ipo! Ipo pale katikati!"

"Basi iandike. Mimi mtu wa sheria."

Fisi akaandika mbio mbio: HONI IPO. "Muhuri!" Mzee Kifaru akainama kutoka nyuma. Pwaa! Nusu ya muhuri ikashika karatasi, nusu ikashika sikio la Fisi. Hapo hapo Bi Pimbi akabonyeza. Piiiii! Kanga wakaruka kila upande, na mama yao akaanza kuhesabu upya.

Barabara ikaingia pangoni. Giza totoro, popo wanapiga mbawa usoni.

"Washa taa! Mama yangu, washa taa!"

"Zipi? Si ulisema huoni mwanga?"

"Zipo! Za mbele, za nyuma, zote zipo!"

"Andika."

Aliandika kwa kupapasa. Pwaa! Safari hii muhuri ulimpata puani. Taa zikawaka, waa! Jiwe kubwa lilikuwa mbele yao kabisa.

"Kata kona! Kata!"

"Nikate kwa kutumia nini?"

"Usukani!"

"Huu wa mviringo?"

"Wa mviringo ndio bora! Wa mviringo ndio usukani! Naandika, tazama, naandika! Muhuri!"

Pwaa! Bi Pimbi akazungusha, Kachumbari likapita kwa magurudumu mawili, likatoka pangoni kwenye jua. Na mbele yao, chini kabisa mwa mteremko, ukaonekana ua wa Mfalme. Katikati ya ua kuna sufuria ya ugali. Nyuma ya sufuria amekaa Mfalme Simba mwenyewe, kitambaa shingoni, mwiko mkononi.

Fisi akasahau mifupa.

"Shika breki!"

"Breki ziko kimya, Bwana Mkaguzi. Hazijakusalimia."

"Zimenisalimia! Zimenisalimia nami nimeitikia! Marahaba, breki! Marahabaaa!"

"Andika."

Kalamu ikamponyoka, ikaruka dirishani. Ua unakaribia. Mpishi ameangusha sahani, Mfalme ameinua mwiko. Fisi akaona hana budi, akaandika kwa pua, kwa kuwa pua yake ilikuwa imeloa wino wa muhuri: BREKI NZIMA.

"Muhuriii!"

Pwaa!

Bi Pimbi akakanyaga kwa miguu yote miwili. Kriiiiiiii!

Kachumbari likasimama. Kati ya pua yake na sufuria ya Mfalme ilibaki nafasi ya kupita sisimizi mmoja, tena mwembamba.

Lakini Fisi, ambaye mikanda aliiachia watoto, hakusimama. Alitoka dirishani na fomu yake mkononi, akapita hewani, akashuka katikati ya ugali. Tumbukwi!

Ugali ukaruka tena.

Mfalme Simba akagusa sharubu zake. Zilikuwa nyeupe tena.

"Nani," alisema taratibu, "atapikwa na maharage?"

Bi Pimbi akashuka, akapiga goti.

"Mfalme wangu, amri ilisema gari likigusa sufuria. Gari halikugusa, sisimizi ni shahidi. Aliyegusa ni mkaguzi."

Mfalme akainama, akapima kwa ukucha. Kweli, nafasi ipo. Akainyakua fomu kutoka mkononi mwa Fisi, akaisoma. Juu imeandikwa breki hakuna, honi hakuna, taa hakuna, usukani hakuna. Chini imeandikwa vyote vipo, na breki zimeandikwa kwa pua. Siku ile ile, muhuri ule ule.

"Fisi. Ipi ya kweli?"

Fisi akatafuna ugali kidogo ili apate muda wa kufikiri. Angesema ya juu, gari lilisimamaje? Angesema ya chini, ya juu aliiandika kwa nini?

"Amenilazimisha!" akalia.

"Nimemlazimisha kuandika kweli, Mfalme," alisema Bi Pimbi. "Hajaizoea, ndiyo maana ilimuuma. Watoto wangu kumi na saba wangepita kwenye nyasi zake kesho asubuhi, kwa miguu. Hiyo ndiyo sababu ya ile ya juu."

"Mzee Kifaru, wewe unasemaje?"

"Mimi napiga ninachosomewa, Mfalme," alijibu Mzee Kifaru, nusu yake bado iko nje. "Kusoma sijui. Lakini breki hizi nimezisikia kwa tumbo langu mwenyewe. Ni nzima."

Simba akaagiza stika iletwe. Akailamba mwenyewe, akaibandika kwenye kioo cha Kachumbari. Kisha akamgeukia Fisi, naye Fisi akaanza kunusa kama maharage yameshabandikwa jikoni.

"Sikupiki," alisema Simba. "Utanuka. Bi Pimbi ndiye mkaguzi kuanzia leo. Na wewe utaendelea na kazi kituoni hapo hapo. Kila gari likija kujaribiwa breki, wewe utasimama mbele yake."

Wanangu, mngemwona Fisi siku zile! Akisikia gari linakuja anakimbia kulipokea njiani, spana mkononi, anamsihi mwenye gari, "Ndugu yangu, tafadhali, umekaza breki? Nikusaidie kukaza?" Nchi ile haikuwahi kuwa na breki nzuri namna hiyo.

Asubuhi ya pili Kachumbari lilivuka nyasi na watoto kumi na saba, mikanda imefungwa. Walipopita mbele ya kituo, mtoto wa Kima alitoa mkia wake nusu nje ya dirisha, akampungia Fisi. Fisi hakumwona. Alikuwa amefumba macho, amesimama barabarani, anasubiri gari la Ngiri.

Hadithi yangu nimeiegesha hapa, anayetaka kuipeleka mbele akague kwanza matairi.

Ukiandika uongo juu ya gari la mwenzio, jiandae kulipanda.