Ulanzi Mmoja, Bei Tatu

Sogeeni. Mwenye kiti akae, asiye na kiti achuchumae, ila mtu asiniulize nimeipata wapi hadithi hii. Nimeisimulia mbele ya mwalimu mkuu, mbele ya bwana ushuru na mbele ya katekista, na wote watatu waliondoka wanakuna vichwa. Mimi shule niliishia darasa la tano, tena hilo la tano lenyewe nililiona zaidi kupitia dirishani. Lakini fumbo hili nimelibeba miaka kumi na mmoja sasa, na sijampata mtu wa kunitua. Labda ni wewe.

Kijijini Luhindo, juu kule ambako ukungu huamka kabla ya watu, aliishi mama mmoja mjane, Mama Fulgensi. Shamba lake lilikuwa la mianzi ya ulanzi. Wewe ambaye hujafika kwetu nikueleze: wakati wa mvua mgema hukata ncha ya mwanzi mchanga, akaukingia chombo, nao ukadondosha maji matamu. Asubuhi ni kinywaji cha mtoto. Jioni kimeshachacha, ni kinywaji cha mtu anayeijua vizuri njia ya kwao.

Mama huyu alikuwa na watoto watatu, watu wazima wenye nyumba zao, na kila mmoja alizaliwa na chake.

Fulgensi, wa kwanza, alizaliwa na sikio. Aliliegemeza kwenye mwanzi, akafumba macho, akakwambia, "Huu utatoa lita mbili. Huu umenuna, tuuache mpaka Alhamisi." Na Alhamisi kweli unatoa.

Tasiana, wa pili, alizaliwa na shingo. Alibeba dumu la lita ishirini kichwani, akavuka mto, akampigia mkwewe magoti, akainuka, na ulanzi wenyewe usijue kwamba umeondoka nyumbani.

Desideri, kitindamimba, alizaliwa na ulimi. Huyo angeweza kumsimamisha mtu anayekimbizwa na nyuki, akamkalisha, akamuuliza habari za watoto.

Wote watatu waliuza ulanzi wa mianzi ile ile ya mama yao. Fulgensi aliuzia palepale shambani, lita moja shilingi mia tano. Tasiana aliuzia chini, njia panda, lita moja shilingi elfu moja. Desideri alikuwa na kilabu mjini, karibu na stendi, na kwake lita moja ilikuwa elfu moja na mia tano. Watu walinunua, walikunywa, walikwenda zao. Hakuna aliyeuliza.

Aliyeuliza alikuwa Mjomba Melkiori.

Huyu alikuwa kaka mkubwa wa Mama Fulgensi, seremala wa mjini, mtu wa kupima kila kitu mara mbili, hata salamu. Wiki moja, Jumatatu, alipanda mlimani kumwona dada yake, akanunua lita kwa Fulgensi. Jumatano akashuka, na alipokuwa njia panda akingoja gari, akanunua lita kwa Tasiana. Jumapili baada ya misa akaingia kilabuni kwa Desideri. Akaonja, akatulia, akaonja tena.

"Desideri, huu si ulanzi wa dada yangu?"

"Ndio wenyewe, mjomba."

"Ule wa mia tano kule juu?"

"Ule ule."

"Sasa huku chini ulanzi umepandishwa cheo?"

Kilabu kizima kikacheka. Mjomba hakucheka. Alisimama, akakitua kikombe, akasema wote wasikie: "Wapwa zangu wananiibia kwa zamu. Sinywi tena tone la mianzi ile mpaka nijue bei ya kweli ni ipi." Akaondoka. Ikapita misimu miwili, hakunywa, na kwa dada yake hakupanda.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo kamba inapofungwa. Mama Fulgensi magoti yalimshinda na baridi ya mlimani. Akaamua kuhamia Songea kwa mdogo wake. Mianzi angemwachia mtoto mmoja. Kwa nini asiigawe? Kwa sababu ukoo wa marehemu mumewe waliwahi kugawana shamba kama lile, kila mtu akawa anakata kwa haraka kabla mwenzake hajakata, na mwaka wa tatu walikuwa wanagawana kuni. Tena kwa desturi yao, mali ya mama haikabidhiwi mpaka mjomba awepo, anywe, aseme nimeona.

Akawaita watoto wake siku ya Jumanne. "Jumamosi saa sita napanda basi mjini. Atakayemnywesha kaka yangu ulanzi wa mianzi yangu kabla sijapanda, mianzi ni yake. Nimemaliza."

Kila mmoja akajaribu peke yake, kama mnavyojua watu. Fulgensi akamtumia mjomba ujumbe apande mlimani. Mjomba akajibu kwamba magoti yake nayo yana bei. Tasiana akaenda mpaka karakana kwake na chupa ya ulanzi wa mwisho wa msimu, wa siku mbili. Mjomba akaunusia mlangoni, akasema hiyo siki akawape wauza kachumbari. Desideri yeye alikuwa na mabenchi matupu, maana ulikuwa mwezi wa sita, mvua zimekwisha, mianzi imekauka, na kilabuni zimebaki bia za chupa.

Jumatano jioni wakakutana, wakanuniana, wakakubaliana kusaidiana. Kila mmoja moyoni anasema: hawa watanisaidia nishinde.

Fulgensi akaingia shambani. Akatega sikio mwanzi kwa mwanzi, zaidi ya mia tatu, wote kimya. Mtu mwingine angekwenda kulala. Yeye akashuka mpaka kwenye korongo, mahali ambapo ubaridi wa maji haukauki, na huko akasikia mianzi saba inameza mate. Msinicheke, mmewahi kutega nyie? Akaichonga kipande chembamba kama kucha, asubuhi na jioni, akavikinga vyombo na kuvifunika majani nyuki wasiingie. Vingi vilitoa kikombe tu, naye akakimiminia dumu lililozamishwa kwenye maji baridi ya korongo usichache upesi. Ijumaa magharibi alikuwa amekinga dumu dogo moja, limejaa mpaka shingoni. Mwezi wa sita! Viganja vyake vilikuwa vimechanika kama ramani.

Tasiana akalipokea dumu. Pikipiki alizikataa, mara ya mwisho ulanzi ulipanda pikipiki, ulitikisika, mfuniko ukaruka ukamkuta padri. Akalivika dumu majani mabichi yenye maji, akaliweka kichwani, akatoka alfajiri. Ulanzi mtamu mjomba hakuutaka, ni wa watoto. Mkali hakuutaka, ni wa walevi. Aliutaka ule uliochangamka tu, na hali hiyo haidumu. Basi Tasiana akawa anatembea anausikiliza kwa utosi. Ukichemka, anapita kivulini na kulegeza mfuniko upumue. Ukipoa, anaingia juani. Muda wa saa tano na nusu njiani, hakukaa chini hata mara moja, maana dumu likishatuliwa, kulirudisha kichwani ni kulitikisa. Alifika kwa Desideri saa nne na nusu. Shingo ilikuwa imekakamaa, akawa anaitikia salamu kwa macho.

Desideri naye alikuwa ameosha mabenchi kwa sabuni, amefukuza walevi wa asubuhi, na amechonga kikombe kipya cha mwanzi. Mama yao alikuwa amekaa pale na mafurushi yake, pamoja na Fulgensi aliyemsindikiza. Sasa mjomba. Desideri akamvizia barabarani anapopita na ubao begani.

"Kamwene, mjomba," akamsalimu.

"Kamwene. Sinywi."

"Nani kakwambia unywe? Nimekuita unitukane."

"Nikutukane?"

"Misimu miwili umenitukana kwa watu, maneno yananifikia yamepungua. Njoo unitukane mwenyewe, ila ukae. Matusi ya kusimama yanachosha miguu."

Mjomba akajizuia kucheka, akashindwa. Akaingia. Akamkuta dada yake, akaketi karibu naye. Akauliza, "Ni kweli unahama?" Akajibiwa, "Ni kweli, kaka." Ubao ukatuliwa sakafuni.

Nilikuwepo, benchi la nyuma. Tasiana akamimina. Harufu ikapanda. Mjomba akakichukua kikombe, akanusa, akafumba macho kama anayesikia jina la mtu wa zamani.

"Huu," akasema, "nitaunywa."

Watatu wakaruka kwa furaha.

"Ila mwenye ulanzi aonje kwanza."

Desturi hiyo mnaijua: mwenye pombe huonja mbele ya mgeni, ameze, abaki amesimama, ndipo mgeni ajue hakuna kibaya ndani. Asiye mwenye pombe haonji. Na anayeonja mbele ya watu, ndiye mwenyewe.

Mikono mitatu ikanyooka kwa pamoja.

"Toa mkono, Desi," akasema Fulgensi. "Umegema wapi wewe? Bila kisu changu dada angebeba dumu la upepo!"

"Na bila kichwa changu ungeunywa na nyani huko korongoni," akasema Tasiana, "tena umekuwa siki."

Desideri akasema, "Mlileta ulanzi, mimi nikamleta mnywaji. Bila mnywaji huo ni maji ya mti. Halafu wewe, kaka, jina la mama umeshachukua, anaitwa Mama Fulgensi mpaka Songea. Unataka na mianzi?"

Mama akasema, "Nilisema atakayemnywesha. Sikusema watakaomnywesha."

Mjomba akainua mkono. "Hili ndilo nililolikasirikia toka mwanzo. Basi anayejua bei ya kweli ya kikombe hiki, ndiye mwenyewe. Fulgensi?"

"Mia tano, mjomba. Huo ndio ulanzi. Kinachozidi hapo unalipia miguu na mabenchi."

"Hata leo? Siku tatu kwa dumu moja?"

Fulgensi akatazama viganja vyake. "Leo... leo tuseme elfu mbili."

"Ahaa! Kumbe na wewe bei yako inatembea! Tasiana?"

"Mjomba, dumu lilitoka limejaa. Limefika limepungua robo kwa kupumua. Kila siku ni hivyo, na usiponunuliwa mpaka jioni naumwaga. Aliyewahi kunilipa ule uliomwagika ni nani? Yule anayenunua uliobaki. Elfu moja yangu ina na ule wa kumwagwa ndani yake."

Mjomba akatikisa kichwa polepole, kama anayepima ubao kwa mara ya pili. "Desideri?"

"Kwako leo ni bure, mjomba."

"Bure ndiyo inayoniogopesha kuliko zote. Sema bei."

"Elfu moja na mia tano. Pango, ushuru, sabuni, choo. Na kuna watu waliokaa kwenye benchi hili hawasemezani, wakaondoka wanasemezana." Akamtupia jicho mama yake, kisha mjomba. "Kule shambani ungekunywa peke yako na mbu."

Mjomba akamgeukia dada yake, akamnyooshea kikombe. "Onja wewe basi. Ulipanda wewe."

Mama akarudisha mikono kwenye kanga. "Mimi mianzi nimeshaiacha, kaka. Nikionja nimeirudisha, na shambani sirudi."

Hapo mimi nikajitolea kuonja kwa niaba ya wote, ili kuokoa muda. Nilitolewa nje kwa heshima zote, kwa hiyo yaliyobaki niliyaona dirishani, kama darasa la tano.

Basi likaingia stendi. Konda akaita, "Songea! Songea mwisho!" Mafurushi yakapakiwa. Mama Fulgensi akaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi, mwingine ukabaki chini, akageuka. "Kaka, mpe mmoja aonje. Mguu huu wa pili ukipanda, sina la kusema tena."

Mjomba yuko mlangoni pa kilabu, kikombe mkononi, povu linapanda ukingoni. Mbele yake mikono mitatu: mmoja umechanika, mmoja bado umelowa majani ya dumu, mmoja unanukia sabuni.

Nilipoisimulia kwa wagema, walisema Fulgensi, wakataka kupigana na anayebisha. Kwa wachuuzi wa sokoni, walisema Tasiana, wakaniongezea mhogo. Mwenye baa mmoja alisema Desideri, halafu akanitoza bei ya mjini. Mimi jibu langu ninalo, ila silitoi kabla ya la kwako.

Konda anagonga bati la basi. Kikombe sasa nakutia mkononi wewe uliyekaa hapo unatabasamu. Usimwage. Mama anakutazama. Haya: unampa nani aonje?