Mwamba Mtupu wa Kilimani

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeleaneni, nafasi ipo. Watoto mbele, wakubwa pembeni, masikio yote kwangu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mabaraza yao na sheria zao, palikuwa na kilima katika nchi ya baridi. Baridi kweli, si utani. Asubuhi nyasi ziliamka nyeupe kwa sakitu. Kilimani kwenyewe kulikuwa na nafuu, udongo mkavu, mashimo yenye joto. Lakini chini ya kilima palikuwa na bonde, na huko bondeni ni maji, ni tope, ni ukungu. Maana baridi ni kama maji. Hushuka chini ikatuama.

Waliokaa kilimani walikuwa wachache. Alikuwapo Mzee Ngiri, mkuu wa baraza. Alikuwapo Bwana Muhanga, fundi wa kuchimba mashimo. Alikuwapo Bi Nungunungu, mjane, katika shimo la vyumba saba, yeye na miiba yake tu. Na wengine wa namna hiyo. Sheria yao ilikuwa hii: shimo moja, jamaa moja, na hatua mia za nyasi kila upande. Usichimbe karibu na mwenzio. Usikae juu ya mwenzio. Usikae chini ya mwenzio.

Na katikati ya kilima ulisimama mwamba mkubwa, una nyufa toka juu hadi chini, mkavu, unaota jua kutwa nzima. Mtupu. Hakai mtu. Kwa nini mtupu? Kwa sababu wenye kilima walipenda kuutazama.

Sasa, huko bondeni aliishi Bi Pimbi, mkunga. Hapakuzaliwa mtoto kilimani ila kwa mikono yake. Watoto wa Mzee Ngiri, wote, aliwapokea yeye. Asubuhi alipanda, twi, twi, twi, akazalisha, akakanda, akaosha. Jioni akashuka, chwa, chwa, chwa, tope hadi tumboni. Panda, shuka. Panda, shuka. Mikono yake ilitakiwa kilimani. Ubavu wake haukutakiwa.

Na pimbi, jamani, si mnyama wa kuhitaji hatua mia za nyasi. Pimbi hukaa arobaini katika ufa mmoja, mgongo kwa mgongo, na joto la mmoja likawa la wote. Kila Bi Pimbi alipoupita ule mwamba, moyo ulimuuma. Mwaka ule mama yake mzazi alikuwa amekufa kwa kikohozi cha bondeni, kho, kho, kho, mpaka kifua kikanyamaza.

Akaenda barazani. Akasema, "Mzee Ngiri, naomba sisi pimbi tukae mwambani. Hatutachimba. Hatutagusa nyasi zenu. Nyufa zipo tayari."

Mzee Ngiri akatabasamu. "Bi Pimbi, sisi tunakupenda sana. Lakini mkija arobaini, kilima hiki hakitakuwa kilima tena. Sheria ni sheria."

Bwana Muhanga akadakia, "Na kelele je? Na vivuli vyenu juu ya nyasi?"

"Kivuli cha pimbi, Bwana Muhanga?" akauliza Bi Pimbi. "Mimi mwenyewe sifiki gotini kwako."

Wakacheka. Wakaahirisha.

Bi Nungunungu akamwita pembeni. "Mwanangu, mimi nina vyumba sita vitupu. Njoo na watoto wako." Bi Pimbi akaja. Siku ya tatu baraza likasimama mlangoni. Shimo moja, jamaa moja. Wakamtoa na watoto wake, vyumba sita vikabaki kulala buibui. Bi Pimbi akaenda barazani mara ya pili. Wakaahirisha tena.

Sikilizeni basi. Mzee Ngiri alikuwa na binti, jina lake Siwema. Siwema akaolewa. Akatafuta mahali pa kuchimba kilimani, akazunguka juu, akazunguka chini. Kila alipopima hatua mia, ziliangukia kwenye nyasi za mwingine. Mama yake akalia. Mzee Ngiri akasema, "Vijana huanzia chini. Mtapanda siku moja." Siwema na mumewe wakashuka bondeni, wakachimba katika tope, jirani na Bi Pimbi. Siwema akashika mimba.

Likaja baraza la tatu. Asubuhi hiyo Bi Pimbi alipita kwa Siwema, akamshika tumbo. Siwema akasema, "Nenda, shangazi. Kaseme na kwa ajili yetu. Bado siku mbili tatu."

Akapanda, twi, twi, twi. Barazani kulikuwa na kawaida yake: wenye mashimo kilimani husema kwanza, watu wa bondeni husema mwisho. Basi wakasema. Wakasema juu ya urefu wa nyasi. Wakasema juu ya rangi ya udongo mlangoni kwa mtu. Jua likapanda, jua likapinda. Ikaja mvua ya mawe, pa-pa-pa-pa, wao wako chini ya paa la jiwe, wanasema juu ya nyasi.

Akaja mtu mmoja ametapakaa tope, anatweta. Kanga, karani wa baraza, akamtazama miguu. "Wewe wa bondeni?"

"Ndiyo, lakini nina..."

"Wa bondeni mwisho. Kaa nyuma."

Akakaa. Aliliogopa baraza. Mzee Ngiri alimwona, wala hakumtambua.

Hata zamu ya Bi Pimbi ikafika. Akasimama, akageuka awatazame wenzake wa bondeni, na hapo akamwona. Alikuwa mume wa Siwema.

"Mwanangu, wewe unafanya nini hapa?"

"Nilikuja kukuita. Ana uchungu tangu jua likiwa utosini. Wameniambia nisubiri."

Bi Pimbi hakusema hoja yake. Aliruka akashuka. Mzee Ngiri naye akaondoka mbio nyuma yake, mkia juu, na mara ya kwanza maishani mwake akaliingia tope la bonde, chwa, chwa, chwa.

Siwema alikuwa amejifungua peke yake. Shimo lilikuwa na maji ya kifundo, baridi kama kisu. Watoto watatu. Wawili walitetemeka. Mmoja hakutetemeka.

Bi Pimbi akaita jamaa zake. Pimbi thelathini wakaingia, wakawazunguka wale wawili, mgongo kwa mgongo, mpaka pua zao zikaanza kupata joto. Yule wa tatu, Bi Pimbi alimkanda, akampulizia, akamkanda tena. Akamfunika.

Mzee Ngiri alisimama mlangoni. Akauliza, "Nani aliyemchimbia mwanangu shimo ndani ya maji?"

"Wewe, Mzee," akasema Bi Pimbi.

"Bi Pimbi, niwie radhi."

"Sitaki radhi yako. Mama yangu amekufa huku na hukuja. Watoto wa bondeni wamekufa huku kila msimu wa sakitu, na mkasema kuhusu nyasi. Leo ni damu yako, ndiyo unaniomba radhi? Panda kilimani, ondoa sheria."

Mzee Ngiri akapanda. Asubuhi yake akaita baraza, na watu wa bondeni wakasema kwanza. Bwana Muhanga alikataa. Wengine watatu walikataa, wakalia kwamba kilima kimekufa. Bi Nungunungu akakubali, wengine wanne wakakubali, na wa mwisho kuinua kwato alikuwa Mzee Ngiri. Sita kwa wanne. Sheria ikaanguka.

Wakahama mchana kweupe. Pimbi wakajaa mwambani, ufa juu ya ufa. Nguchiro, nao wa bondeni, wakaingia vyumba vya Bi Nungunungu. Siwema akachimba hatua kumi tu toka mlango wa baba yake. Nyasi zikapungua, ni kweli, na kelele zikazidi, ni kweli. Msimu wa sakitu ukaja ukapita, na Bi Pimbi hakumfunika mtoto hata mmoja.

Lakini alipokutana na Mzee Ngiri njiani, alimwamkia kwa heshima, akapita. Hakusimama kuzungumza.

Basi wenzangu, mafunzo ni haya, nayasema wazi. Mwenye kuzuia nyumba ya jirani kwa ajili ya mandhari yake, anamtoa mtu nje kwenye baridi, na asijidanganye kuwa mtu huyo si mwanawe. Ardhi ikiwapo na watu wakikosa pa kukaa, hiyo si bahati mbaya. Ni sheria, na sheria iliyowekwa kwa mikono huondolewa kwa mikono.

Ngano yangu nimeitua hapa. Aliyeisikia na akampishe mwenzake.